Nilimpima Mwanangu Katikati ya Wenzake

Kama mwanao ametoka kuugua homa ya uti wa mgongo na sasa amepona, anakula na kucheka, usiendelee kusoma kabla hujafanya jambo moja. Msubiri akae peke yake, ameshughulika na mchezo wake, amekupa mgongo. Vua viatu. Simama nyuma yake, mbali kidogo, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii, halafu mwite jina lake kwa sauti yako ya kila siku. Kusiwe na mtu mbele yake. Akigeuka, mshukuru Mungu uendelee na kazi zako. Asipogeuka, usijitungie sababu. Mimi nilijitungia kwa mwaka mzima na zaidi.

Naitwa Zuhura. Tunakaa hapa Mpanda mjini, na mume wangu Salumu ana duka la vitenge na mabegi karibu na soko. Mimi ni mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, wa miezi sita hadi miaka mitatu, ambao mama zao wako sokoni, shambani au ofisini. Zaidi ya kubadilisha nepi na kunywesha uji, kazi yangu pale ilikuwa kupanga upimaji wa makuzi: nani apimwe lini, apimwe vipi, kadi yake ijazwe na nani. Kwa hiyo ukisikia watu wanawahurumia mama ambao hawakujua, mimi simo humo. Mimi nilikuwa na mafunzo, nilikuwa na kadi, na kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Yasini alizaliwa anasikia. Siku aliyozaliwa baba yake alimwadhinia kwenye sikio la kulia, na kale katoto kakaacha kulia kakatulia kumsikiliza. Salumu alilisimulia hilo dukani wiki nzima, mpaka wateja wakachoka.

Alipofika miezi minane, mvua zikiwa zimechachamaa, alipata homa Ijumaa asubuhi. Jioni shingo ilikuwa imekakamaa na kilio chake kimekuwa chembamba, kilio nisichokijua. Hospitali daktari alisema anataka kumtoa maji ya mgongoni ili ajue ni nini. Mama mkwe wangu akakataa katakata. Alisema kwao mtoto akitolewa maji ya mgongo hatembei tena, na kama tumechoka kulea tumwachie yeye. Salumu akabaki katikati, anamtazama mama yake, ananitazama mimi, karatasi ya kusaini inaloa jasho mkononi. Alisaini mwishowe. Mama yake akatoka wodini bila kuniaga, na tangu siku ile salamu yake kwangu imepungua urefu.

Matibabu yalikuwa sindano za siku kumi na nne. Nazikumbuka siku zile kwa sindano, sizikumbuki kwa tarehe. Sindano ya tatu mshipa wa mkono ulipasuka wakahamia kichwani, wakamnyoa upande mmoja. Sindano ya tano aliacha kutetemeka. Mashavu yalikuwa yameisha, mapaja yananing'inia ngozi kama ya mzee, na nilipombeba nilihisi mifupa yake ikihama ndani ya kanga. Sindano ya tisa alinyonya mwenyewe, nikalia mpaka nesi akaniambia ninyamaze, nawatisha wenzangu.

Kitanda cha pili yake alikuwepo mama mmoja kutoka Mamba, mkulima wa mpunga, na binti yake mwenye ugonjwa uleule. Tulipokezana kulinda dripu ili mwenzio apate kuoga. Sisi tukiwa kwenye sindano ya sita, binti yake alifariki. Kabla ya kuondoka yule mama alikuja kitandani kwangu, amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda shamba, akaweka chini beseni lake na kipande cha sabuni kilichobaki. Akasema, "Baki navyo. Wewe bado una mtu wa kumfulia." Beseni hilo ninalo mpaka leo na sijawahi kulitumia kwa kazi nyingine.

Siku ya kutoka, nesi wa zamu, mama mtu mzima, aliniandikia kwenye kadi na kunieleza kwa mdomo pia. Baada ya mwezi mmoja nimrudishe mtoto apimwe masikio, kwa sababu ugonjwa ule mara nyingi hupitia huko. Nusura nicheke. Nilimwambia, "Hilo nitalifanya mwenyewe, sista. Ndiyo kazi yangu." Alinitazama kidogo. Akasema haya, lakini usisahau. Sikusahau, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko kusahau.

Sasa nieleze nilivyompima, maana nimeandika yote haya kwa ajili ya hapa.

Zamani kituoni kwetu kila mtoto alipimwa peke yake, ndani ya stoo ya magodoro, na mlezi mmoja. Ilichukua karibu wiki tatu kumaliza watoto thelathini na nane. Watoto walilia kutengwa na wenzao, na huku nje walezi waliobaki walizidiwa. Mimi nikapanga mpango mpya. Tunatandika mikeka, tunawakalisha watoto duara, umri kwa umri. Mlezi mmoja anakaa mbele anawachezesha, mwingine anapita nyuma na mfuniko wa sufuria ya uji. Anagonga mfuniko, anayegeuka anawekewa tiki. Kisha tunawaambia wote piga makofi, shika pua, iko wapi sikio, anayefanya anawekewa tiki. Hakuna anayelia. Asubuhi mbili kazi imekwisha. Wageni waliotutembelea walisifu sana, na walezi wa kituo kimoja cha Inyonga walipanda basi wakaja kujifunza mpango wa duara kwangu. Niliwaandalia chai na vitumbua. Nilikuwa nimevimba kichwa, niseme ukweli.

Mwezi mmoja baada ya hospitali nilimweka Yasini kwenye duara. Mfuniko ukagongwa nyuma. Watoto wote wakageuka, Yasini naye akageuka. Nilijaza kadi yake kwa mkono wangu: anasikia. Nikaenda nyumbani nikampikia Salumu pilau.

Miezi mitatu mingine, duara tena. Piga makofi, akapiga. Shika pua, akashika. Kiangazi kikaja, vumbi, watoto wenzake wakaanza kuita baba, maji, toa. Yasini alikuwa na sauti moja tu ya kuvuta, na baadaye hata hiyo ikapungua. Mama mkwe akasema Salumu naye alichelewa kusema, mpaka miaka mitatu, na sasa hebu msikieni anavyowabembeleza wanawake wanunue vitenge. Tulicheka. Kwenye sehemu ya lugha niliandika: mzito wa kusema, anafuata ukoo wa baba. Sehemu hiyo haikuwa hata na nafasi ya maneno mengi hivyo, niliandika pembeni.

Tena nilimsifu kwa ujanja. Nikifungua mlango wa nyumbani anageuka mara moja, nikamwambia Salumu masikio yake ni makali. Ulikuwa mwanga wa mlangoni ulioangukia ukutani mbele yake. Mvua ikipiga bati alilaza shavu kwenye ukuta akicheka, nikadhani anapenda mlio wa mvua.

Mtu aliyeona alikuwa Felista. Alikuwa mlezi mwenzangu, mwanamke wa miaka kama ishirini na nane, mwenyeji wa Sibwesa, si msemaji. Katika duara yeye ndiye aliyekaa mbele kuwachezesha, mimi nikipita nyuma na mfuniko. Yasini alikuwa na mwaka na nusu. Siku hiyo tulikuwa tunakunja mikeka, walezi wengine wawili wapo, Felista akaniambia, "Dada, Yasini anageuka baada ya wenzake. Anawatazama kwanza wao. Na makofi hivyo hivyo."

Kama angeniambia chemba huenda ningesikiliza, ingawa hilo nalo nalisema kujitetea. Nilimuuliza, "Wewe Felista umezaa?"

Alikuwa ameolewa miaka sita na hakuwa na mtoto, na sisi wote pale tulijua alivyohangaika. Wale walezi wengine wakainamia mikeka. Felista akasema hapana dada, sijazaa. Nikamwambia basi aniachie mwanangu. Wiki iliyofuata nilimpanga jikoni kukoroga uji, kwa kuwa ratiba niliipanga mimi. Mwisho wa mwezi alifunga mzigo wake akarudi Sibwesa kwa mumewe, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Miezi saba ikapita hivyo. Mvua zikaja zikaisha. Nilijaza kadi mara mbili nyingine.

Kiangazi kilichofuata, Jumamosi, nilikuwa nimemshikia Salumu duka. Yasini alikuwa anaokota vizibo vya soda mbele ya duka, mara nikainua macho namwona amechuchumaa katikati ya barabara, ameupa mgongo upande ambao bodaboda ilikuwa inakuja. Dereva alipiga honi. Akapiga tena, akaishikilia, mpaka wauza mboga wa ng'ambo wakasimama. Yasini aliinua kizibo akakitazama juani. Dereva alikata kona, pikipiki ikalala, gunia la mkaa likamwagika, na vumbi lilipomfikia ndipo mwanangu alipogeuka na kuanza kulia kwa kuona watu wanakimbia.

Yule dereva aliinuka goti linachuruzika damu. Nilitegemea matusi. Alinitazama tu akauliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtaa mzima, "Mama, huyu mtoto kwani hasikii?"

Nilimbeba Yasini, nikachukua funguo za kituo, nikaenda naye. Jumamosi hakuna watu. Nikamkalisha ndani ya stoo ya magodoro, pale pale nilipopafuta kwenye mpango wangu, nikampa vizibo vyake. Nikavua viatu. Nikasimama nyuma nikamwita. Nikamwita kwa nguvu. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikaugonga hewani mpaka masikio yangu yenyewe yakauma. Alikuwa anavipanga vizibo mstari mmoja, taratibu, kwa utulivu mkubwa. Nilipiga kelele za mtu aliyefiwa, na mwanangu wa pekee, hatua tatu mbele yangu, hakuinua kichwa.

Ikafuata safari. Mbeya kwanza, basi la alfajiri kupitia Sumbawanga na Tunduma. Kipimo cha huko hakimhitaji mtoto ageuke. Wanambandika nyaya kichwani akiwa amelala na mashine inasoma yenyewe. Kwa hiyo tuliambiwa tumfikishe akiwa na usingizi. Safari nzima nilikuwa na kazi ya kumnyima mtoto usingizi. Mtoto mwingine ungemwimbia, ungemsemesha. Wa kwangu nilimpaka maji usoni na kumfinya nyayo, na kila alipofumba macho nikamfinya tena, akawa ananitazama asijue amenikosea nini. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alitaka kunigombeza, nilipomweleza akampokea akamrusharusha mapajani mpaka Tunduma, mikono yangu ikapumzika.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi ya chuma na watoto wengi waliokuwa kimya kwa namna ninayoijua sasa. Walipomwita Yasini Salumu jina lake, aligeuka baba yake.

Mashine haikusoma kitu, sikio hili wala lile. Yule daktari alikuwa msichana mpole. Alieleza kuna upasuaji unafanyika Dar es Salaam, wa kuweka kifaa ndani ya sikio, lakini lazima kwanza ipigwe picha ionekane ndani kukoje. Tukapata tarehe, tukasubiri, tukaenda. Salumu alibeba mtoto na bahasha ya picha kutoka dirisha moja hadi jingine kwa siku nne, akimbusu kichwani, akimsemesha, akimwambia mwanangu utanisikia, utaniita baba. Nilikuwa sijawahi kumpenda mume wangu kama siku zile nne.

Daktari wa Dar alishika picha kwenye mwanga akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Alisema baada ya homa ile ndani ya sikio huanza kuwa gumu mapema, kama mfupa, na kwa Yasini pameshaziba pande zote mbili. Kifaa hakina pa kuingia. Salumu akauliza tungemleta lini. Daktari akasema wiki zile za mwanzo, alipotoka wodini. Akageuza ile kadi iliyotoka Mpanda, akauliza bila ubaya wowote, "Hapa pameandikwa mwezi mmoja baadaye alipimwa, anasikia. Alimpima nani?"

Nilijibu ni mimi. Chumba kile kilikuwa na feni. Naikumbuka feni ile vizuri.

Salumu hakunigusa wala hakunitukana, njia nzima mpaka Mpanda. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa namwogesha Yasini huku nikimwongelesha kama nilivyozoea, nikimtajia mguu, tumbo, kidole. Salumu alikuwa mlangoni anafunga vifungo vya shati. Akasema, "Unamsemesha nani, Mama Yasini? Wakati wa kumwita ulipita." Akaenda dukani. Mama yake kwa upande wake anawaambia majirani kuwa masikio yaliondoka na yale maji ya mgongoni. Simkatalii. Kwa hesabu yake kosa ni la karatasi aliyosaini mwanawe, nami nimeliacha limkalie mwanawe, kwa kuwa langu ni zito tayari. Huo nao ni uovu, na nimeuandika hapa ili mjue anayewashauri ni mtu wa namna gani.

Mahindi yalipokauka mashambani nilikwenda Sibwesa. Felista nilimkuta barazani anapukuchua, amenenepa kidogo, bado hana mtoto. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maji, akaendelea na kazi yake. Nikamwambia yote, na nikamwomba msamaha kwa lile neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilimpima peke yake, dada," akasema. "Mara tatu. Stoo, wakati nyie mnakunywa chai. Kabla ya kukwambia lolote nilitaka kuwa na hakika."

"Kwa nini hukuniambia kwamba umempima?"

Alimwaga punje kwenye ungo. "Uliniuliza kama nimezaa."

Nilimwomba arudi kituoni. Akasema hapana. Alinisindikiza hadi njiani kama mgeni mwingine yeyote, akanipa mahindi machache ya uji wa mtoto, akasema nimsalimie. Kama ulitegemea tulikumbatiana, sisi hatukukumbatiana.

Mpango wa duara nimeufuta. Nilipanda basi hadi Inyonga nikawaambia wale niliowaandalia vitumbua waufute nao, na sababu nikawapa, na walinitazama nilivyostahili kutazamwa. Tuliwapima upya watoto wote wa kituo, mmoja mmoja. Anayemaliza dawa ya homa ile harudi kwangu. Anakwenda kwenye mashine, nami nahakikisha mama yake amepanda gari. Wewe unayesoma, usikubali mtoto wako apimwe katikati ya wenzake, na usikubali mtu anayempenda sana ndiye amjazie kadi. Mpe mtu asiye na sababu ya kuogopa jibu.

Yasini anakaribia miaka minne. Kuna mwalimu anayetufundisha ishara, nimezikamata chache, yeye nyingi. Salumu ameanza kujifunza ya kwake ya kwanza, ishara ya "njoo", na anaifanya vibaya. Ninapopima watoto naingia na Yasini stoo, namkalisha mbele ya anayepimwa, amchezee asiogope. Ndiye mtoto pekee ninayeweza kumweka pale bila kuharibu kipimo, maana hakuna namna ataanza kugeuka yeye.

Juzi nilikuwa nampima binti wa mwaka mmoja. Nilivua viatu, nikasimama nyuma yake, nikamwita. Aligeuka papo hapo akanitazama. Yasini alimwona anavyogeuka, naye akageuka haraka upande wa nyuma yake, akatazama ukuta na magodoro, akatafuta kidogo. Kisha akanirudia mimi na uso wa mtoto aliyepatia, akasubiri makofi.

Nikampigia. Halafu nikajaza kadi ya yule binti.